Uzi: Vijana sita wa ndege walioachwa mlimani Uskoti tangu Pasaka ya 1941. Kwa nini hawakushushwa?

Binti_Pangani (mwanzisha uzi)
Heshima kwenu wakuu. Niko Inverness mwaka wa sita sasa, kazi yangu kuhudumia wazee majumbani. Wiki iliyopita nilipata siku mbili za mapumziko, nikafuatana na rafiki yangu hadi Inchnadamph, kijiji kidogo sana huko Assynt, kaskazini magharibi ya Uskoti. Pembeni ya ziwa Loch Assynt kuna kanisa la zamani na makaburi yake. Humo nikakuta kumbukumbu ya watu sita wa jeshi la anga: Steyn, Drew, Emery, Kenny, Mitchell na Tompsett. Majina yapo pale, lakini wenyewe hawapo. Wako juu mlimani hadi leo.

Nimesoma habari yao usiku kucha. Tarehe 13 Aprili 1941 waliondoka kambi ya Kinloss kwa ndege aina ya Avro Anson, namba N9857. Hawakuwa wanakwenda vitani. Ilikuwa safari ya mazoezi ya kutafuta njia. Wakaingia kwenye dhoruba ya theluji, wakatuma ujumbe wa redio kwamba barafu inawagandia na injini ya kushoto inapoteza nguvu. Halafu kimya. Ndege ilipatikana tarehe 25 Mei, wiki sita baadaye, na aliyeiona ni mchungaji. Wakazikwa palepale ilipoanguka, kwenye mabega ya Ben More Assynt, wakarundikiwa mawe. Mwaka 2013 ndiyo wakawekewa jiwe la itale, likapelekwa na helikopta.

Mimi ni mtu wa Pwani. Kwetu maiti akifia mbali tunachanga mpaka shilingi ya mwisho arudi kwao. Swali langu: hawa walikuwa ndani ya nchi yao, si jangwani wala baharini. Kwa nini hawakushushwa? Naona kama walitelekezwa.

Mpemba_Asili
Uzi mzito huu. Naweka mkeka hapa.

Kibopa_wa_Mwanza
Dada, mchungaji wa kanisa alikuwa anafanya nini juu ya mlima?

Binti_Pangani
Mchungaji wa kondoo, kaka yangu! Kule milimani kondoo ni wengi kuliko watu. Theluji ilipoyeyuka na yeye akapanda na mifugo yake, ndipo akawakuta.

Kibopa_wa_Mwanza
Haya, nimekuelewa. Nilishamwona na Biblia yake kwapani.

Ngome_Kongwe
Nirekebishe kidogo kichwa cha habari. Tarehe 13 Aprili 1941 ilikuwa Pasaka kweli? Pasaka haina tarehe maalumu.

Mzee_Kumbukumbu
Ilikuwa Jumapili ya Pasaka yenyewe, siyo wiki ya Pasaka tu. Nimehesabu mara mbili. Na hilo ndilo lililonigusa kuliko yote. Watu wanatoka ibadani, wanakaa mezani na watoto, na hao sita wanapanda ndege kwenda kujifunza kusoma ramani kwenye mawingu.

Niongeze maelezo ili tusichanganye mambo. Anson haikuwa ndege kubwa ya mabomu. Mwanzoni ilitumika kulinda pwani, baadaye ikawa darasa linaloruka. Kambi ya Kinloss ilikuwa na kikosi namba 19 cha mafunzo, kilichoundwa 1940, na kazi yake ilikuwa kuandaa watu wa ndege za mabomu za usiku aina ya Whitley. Kwa hiyo hao ni watu wa mabomu waliokuwa kwenye ndege ya shule. Rubani wao, Steyn, hakuwa mwanafunzi. Alikuwa na nishani ya DFC, na hiyo hupewi kwa kukaa ofisini. Alishaonyesha ushujaa mbele ya adui, halafu akaja kufia mazoezini.

Fundi_Kabureta
Nimekuwa fundi wa ndege miaka 31, nusu Dar nusu Mwanza, sasa nimestaafu. Ukiniambia barafu na injini moja kupoteza nguvu kwa wakati mmoja, akili yangu inakwenda moja kwa moja kwenye kabureta.

Petroli ikigeuka mvuke ndani ya kabureta inanyonya joto, koo la kabureta linapoa kuliko hewa ya nje. Hewa ikiwa na unyevu, barafu inaota humo ndani na kuziba njia. Injini inaanza kukohoa, nguvu inashuka, na wewe nje unaona ndege nzima haina tatizo. Hata hapa kwetu kwenye joto inatokea, sembuse Uskoti mwezi wa nne. Anson ilikuwa na injini mbili za Cheetah, na za zamani zile zilikuwa na sifa moja mbaya: ikibaki injini moja na mzigo wa watu sita, kushikilia urefu ni kazi kubwa. Ndege inashuka polepole huku wewe unasali.

Rubani_Mdogo_Moshi
Shikamoo mzee Fundi. Naomba nitofautiane nawe kidogo. Kabureta inaweza kuwa chanzo, ila barafu ya kwenye mabawa ndiyo inayoua. Bawa linabeba ndege kwa sababu ya umbo lake. Barafu ikijishika mbele ya bawa, umbo limeharibika. Hata injini zote mbili zingekuwa nzima, ndege inakuwa nzito na bawa halinyanyui. Propela nazo zinagandiwa.

Halafu kuna altimita, saa ya kuonyesha ndege iko juu kiasi gani. Saa ile haipimi umbali hadi ardhini, inapima mgandamizo wa hewa. Ukitoka eneo la mgandamizo mkubwa ukaingia kwenye dhoruba, mgandamizo umeshuka, saa inakuambia uko juu kuliko ulivyo. Mwalimu wangu alikuwa akinigongea kidole kwenye kioo chake kila tukikaribia Mlima Meru. Hao walikuwa ndani ya wingu, saa inawadanganya, na mbele yao mlima wa mita 998.

Fundi_Kabureta
Marahaba mwanangu. Umesema vizuri, lakini wao wenyewe waliitaja injini kwenye redio. Mtu aliye taabuni hupoteza maneno kwa jambo linalomuuma zaidi.

Rubani_Mdogo_Moshi
Na barafu pia waliitaja, mzee wangu.

Nyerere_Road
Mnabishana barafu ya ndani na barafu ya nje, na mimi nauliza upepo. Enzi hizo hakuna GPS. Unachukua mwendo, dira na saa, unapiga hesabu: tumeruka dakika kadhaa kuelekea huku, basi tuko hapa. Upepo ukikusukuma pembeni na huoni ardhi, hesabu yako ni safi kwenye karatasi na uongo angani. Si inawezekana walishuka makusudi kukimbia barafu, wakidhani chini yao ni bonde au bahari?

Rubani_Mdogo_Moshi
Inawezekana kabisa. Ukigandiwa dawa ni kushuka kwenye hewa yenye joto. Shida ni kujua unashukia wapi.

Mama_Chapati_Nakuru
Hamjambo. Mimi niko Nakuru, Kenya. Naona watu wanazungumza kana kwamba mambo haya ni ya Wazungu huko kwao tu. Kwetu hapa Nakuru palikuwa na shule ya namna hiyo hiyo mwaka 1940, ndege za Blenheim. Marehemu babu yangu alikuwa dobi wa kambi. Alitusimulia kwamba alikuwa akifua mashati yenye namba, na wiki nyingine shati linabaki kwenye kamba hakuna wa kulichukua. Alikuwa hapendi kulizungumza. Akifika hapo ananyamaza na kuomba chai.

Mzee_Kumbukumbu
Pole mama, na asante. Nirekebishe mwaka tu: kikosi namba 70 cha mafunzo kilihamia Nakuru kutoka Misri mwaka 1941, kikakaa hadi 1943. Na mwaka 1942 namba 72 nacho kikatoka Sudan kikaja Nanyuki. Watu waliomaliza hapo walipelekwa kwenye vita vya kaskazini mwa Afrika.

Fundi_Kabureta
Hilo la shati limenikaa moyoni.

Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, Nanyuki zaidi ya hapo. Hewa ni nyepesi, na mchana jua likiwaka inakuwa nyepesi zaidi. Injini inavuta hewa kidogo, nguvu inapungua, bawa nalo halipati cha kukalia. Uwanja unaokutosha Mombasa, Nanyuki haukutoshi. Blenheim ina injini mbili za Mercury na watu watatu ndani. Moja ikizima wakati unapaa, kijana mwenye saa chache za kuruka ana sekunde tu za kufanya jambo sahihi. Kule Uskoti barafu, hapa kwetu joto na urefu, na kaburi ni lile lile.

Mama_Chapati_Nakuru
Asante kwa kunirekebisha mwaka. Babu hakuwa mtu wa tarehe. Mawe meupe yao yapo kwenye makaburi ya zamani hapa mjini. Watu wengi wanapita hawajui ni ya nani.

Kamanda_wa_Kagera
Turudi kwenye swali la dada. Mimi naona jibu ni rahisi: Waingereza wana desturi kwamba askari anazikwa alipoanguka. Ndiyo maana makaburi yao yamejaa Ufaransa, Libya, hadi Taveta.

Ngome_Kongwe
Hiyo ni nusu ya jibu, mkuu. Marufuku ya kurudisha miili ilihusu waliofia nje ya nchi. Waliofia ndani ya Uingereza, familia iliweza kuomba mwili ikazike kwao. Ndiyo maana hadi leo unakuta jiwe moja la kijeshi katikati ya makaburi ya kijiji huko kwao. Kwa hiyo hawa sita wangeweza kurudi makwao. Desturi haikuzuia.

Kamanda_wa_Kagera
Hapo umenifundisha. Basi ni nini kilichozuia?

Msomali_wa_Eastleigh
Mlima wenyewe. Nimeangalia picha. Hakuna barabara, mawe yanateleza kwa maji, kinamasi, na mvua kila siku. Wiki sita baada ya ajali, miili sita, mabegani mwa watu. Unawatuma watu 40 washushe waliokufa, unarudi na wengine wawili wamevunjika miguu.

Binti_Pangani
Nilipanda kidogo tu njia ile, saa moja na nusu, nikaishia kwenye matope hadi magotini. Kwa hiyo nakubali ni pagumu. Lakini watu wa Kilimanjaro wanashusha maiti kutoka juu kuliko hapo mara nne. Na jeshi lilikuwa na nyumbu, kamba, vijana.

Rubani_Mdogo_Moshi
Dada, nimeshawahi kuwaona wapagazi wakishusha mtu kutoka Barafu Camp kwa machela ya gurudumu moja. Wanafanya hivyo kwa sababu njia ipo, imekanyagwa na maelfu ya watu. Ukitoa njia, hata Kilimanjaro ungebaki naye.

Mwalimu_Zuhura
Kuna sababu nyingine ambayo hatujaigusa. Ulikuwa mwezi Mei 1941. Miji ya Uingereza ndiyo kwanza ilikuwa imetoka kupigwa mabomu kwa miezi, watu wakifukuliwa chini ya vifusi kwa mamia. Kikosi cha mafunzo kina ratiba, kina wanafunzi wengine wanaosubiri ndege. Ofisa anasimama juu ya mlima, anaangalia chini, anaamua: tuwazike hapa kwa heshima, turudi kazini. Kwake yeye haukuwa utelekezaji. Kwa mama wa mmoja wao sijui lingeonekanaje.

Mzee_Kumbukumbu
Kikosi cha Mabomu cha Uingereza kilipoteza watu 55,573 katika vita nzima. Zaidi ya 8,000 kati yao walikufa mazoezini au kwenye ajali zisizo za vita. Wengi wa hao wako kwenye makaburi ya kawaida na hakuna anayewaandikia nyuzi. Ndege nyingi za mafunzo zilikuwa zile zilizochoka, vikosi vya mbele vimeshazitumia vikazitupia shule. Anson hizi za mwanzo hata magurudumu ulikuwa unayapandisha kwa mkono, unazungusha mpini zaidi ya mara 100.

Kibopa_wa_Mwanza
Mara mia! Kijana wa leo angeomba apewe mapumziko katikati.

Fundi_Kabureta
Kila kazi ina mnyonge wake.

Sauti_ya_Kariakoo
Naomba niseme jambo ambalo halitapendeza, lakini nalimaanisha. Watu sita walioanguka 1941 wanapelekewa jiwe la tani moja kwa helikopta ya Chinook mwaka 2013. Mimi nimezaliwa Kariakoo. Jina la mtaa wangu linatokana na Carrier Corps, wapagazi wa vita ya kwanza, watu waliobeba mizigo ya jeshi hadi wakafa kwa njaa na kuhara. Sanamu ya askari Nairobi inawaita miguu na mikono ya jeshi. Majina yao yako wapi?

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri na kuomba radhi: kati ya watu 45,000 na 54,000, wengi Wahindi, Waafrika Mashariki, Waafrika Magharibi, Wamisri na Wasomali, hawakukumbukwa kwa usawa. Na wengine wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Dada anauliza kwa nini sita walitelekezwa. Hao hawakutelekezwa. Waliotelekezwa ni wa kwetu.

Msomali_wa_Eastleigh
Nasimama na wewe. Babu wa mama yangu yumo kwenye hesabu hiyo, na kwetu tunalo jina lake tu, kaburi hatuna.

Ngome_Kongwe
Jiwe ni kilo 600, siyo tani moja. Nalisema siyo kwa kupunguza uchungu wako, bali hoja nzito kama hii isije ikapingwa kwa kosa dogo. Na wa vita ya pili tuwataje pia. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Colombo, manowari ya Japani ikaizamisha karibu na Maldivi. Walikufa zaidi ya 1,200, na wengi wao ni wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, kikosi namba 301. Kumbukumbu yao iko Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya barabara ya Ngong. Hapo Mombasa kwetu walikotoka, muulize kijana yeyote wa Kilindini kama anaijua meli hiyo.

Mpemba_Asili
Mimi ni wa bahari na sikuwahi kuisikia. Allah awarehemu.

Binti_Pangani
Kaka wa Kariakoo, sikatai hata neno moja. Nilipokuwa nimesimama pale kanisani nilikuwa nawaza vijana sita tu, sikuwaza tume wala helikopta. Lakini umenifanya nilisome jiwe lile upya.

Sauti_ya_Kariakoo
Sina ugomvi na vijana sita, dada. Rubani aliyeganda barafu hakupanga nani aandikwe.

Bibi_wa_Durban
Nawasomea kimya tangu asubuhi. Steyn ni jina la Kiburu. Rais wa mwisho wa dola ya Orange Free State aliitwa Steyn. Kwa hiyo jina hilo limesafiri mbali sana hadi kufika kwenye mlima wa Uskoti.

Huku kuna habari inayofanana. Mei 1942, Blenheim tatu za kikosi namba 15 cha Afrika Kusini zilitoka oasisi ya Kufra, Libya, kwa safari ya kuzoea eneo. Watu 12. Wakapotea, wakatua salama kwenye mchanga. Maji yakaisha. Wakajipulizia dawa ya vizima moto kupoza ngozi, wengine wakanywa pombe ya kwenye dira. Alipona mmoja tu. Nao walizikwa jangwani kwanza, baadaye wakahamishwa makaburi ya Knightsbridge, Acroma. Kwa hiyo waliozikwa Libya waliwezekana kuhamishwa, na walioko Uskoti hawakuwezekana. Hilo linanisumbua.

Mwalimu_Zuhura
Jangwani gari linafika. Tofauti ni hiyo tu.

Bibi_wa_Durban
Au kulikuwa na mtu aliyedai wahamishwe.

Kamanda_wa_Kagera
Nitoe la kwangu. Baba yangu mdogo alikwenda vita vya Uganda mwaka 1979. Amezikwa Kaboya, Muleba, pamoja na wenzake. Sisi ni watu wa Kilwa. Bibi yangu alilia miaka akitaka mwanawe aje azikwe Kilwa, karibu na mnazi wake. Baadaye tukampeleka Kaboya siku ya Mashujaa, Julai 25. Akaona safu, akaona wenzake mwanawe wamelala pamoja, akapita akiwasalimia mmoja mmoja kana kwamba ni kijiji. Aliporudi nyumbani hakuomba tena ahamishwe. Alisema, "Nikimtoa, nani atabaki na wale wengine?"

Ndiyo maana nilijibu haraka pale juu. Hao sita walipanda pamoja.

Binti_Pangani
Nimesoma hii mara tatu, kaka. Poleni sana.

Msomali_wa_Eastleigh
Kaboya wote ni askari na kuna barabara, watu wanakwenda kila mwaka. Kule mlimani nani anakwenda? Kulala pamoja mahali pasipofikika si sawa na kijiji.

Binti_Pangani
Wapo wanaokwenda. Wapanda milima wanapita, wanaongeza jiwe, wanasimama kidogo. Rundo la zamani la mawe ndilo lililoanza kubomoka, ndiyo sababu wakapeleka itale. Wanapaita kaburi la vita lililo juu kuliko yote Uingereza.

Mzee_Kumbukumbu
Na tusisahau kwamba ndege yenyewe imebaki palepale. Vipande, injini. Wazee wa jeshi la anga wangekuambia hilo ndilo jiwe la kweli.

Fundi_Kabureta
Kama injini ya kushoto bado ipo, ningetoa pensheni yangu ya mwezi nione kabureta yake.

Rubani_Mdogo_Moshi
Mzee, miaka 80 kwenye mvua! Barafu yako imeshayeyuka.

Fundi_Kabureta
Valvu ya kabureta haiyeyuki. Ilipokwama, ilikwama. Ningeiangalia tu.

Nyerere_Road
Naona tumefika ukurasa wa pili na bado barafu, saa, upepo, vyote vimo. Labda vyote vilikuja pamoja.

Fundi_Kabureta
Ajali haiji peke yake, hilo nakubali. Lakini kuna cha kwanza, na mimi nashikilia changu.

Mama_Chapati_Nakuru
Nimekaa nikimfikiria babu na yale mashati. Miaka yote napita nje ya yale makaburi nikienda sokoni, sijaingia hata siku moja. Jumapili baada ya misa naenda. Nataka nisome majina, nione kama kuna waliokufa siku moja, watatu watatu, maana mzee Fundi amesema Blenheim ina watu watatu. Kuna mtu wa karibu?

Njoro_Boy
Mama, mimi niko Njoro. Nimekuwa nasoma tu, sikuwa nimechangia. Nina pikipiki na simu yenye kamera nzuri. Saa ngapi?

Mama_Chapati_Nakuru
Saa tano, getini. Nitakuwa na kanga ya bluu.

Sauti_ya_Kariakoo
Mkifika, angalieni na upande wa askari wa kwetu, kama wapo. Mtuandikie na hayo majina.

Njoro_Boy
Tutayaandika yote.